Ua lisilolowa: nilivyolinasa Chwaka mara ya tatu

Mara ya kwanza nilikwenda Chwaka, ghuba ya mashariki ya Unguja, kwa kalenda ya kazini. Nilikuwa na likizo ya siku nne, nikapanda daladala kutoka mjini na miwani ya kuzamia mkobani, nikiwa na hakika ya ninachokifuata: ua la Enhalus acoroides, nyasi bahari ndefu kuliko zote za pwani yetu. Nilishasoma kwamba nyasi bahari nyingi huchavushana chini kwa chini ndani ya maji, ila hii hufanya harusi yake juu, kwenye uso wa bahari. Nilichosahau kusoma ni mwezi.

Nikafika mwezi una siku nane. Mzee mmoja anayetega madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa, mwenye ngalawa, alinipokea salamu, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, kisha ndipo akauliza nataka nini. Nikamwambia. Akatazama baharini kama mtu anayetazama chungu kisicho na moto.

"Maji mafu haya, mjukuu wangu. Majani hayatoki nje."

Kweli hayakutoka. Maji yalishuka kidogo yakagota kiunoni, machafu kiasi kwamba vidole vya miguu sikuviona. Ila siku nne ni siku nne, basi nikazitumia kulijifunza jani lenyewe. Ukweli ni kwamba hapo awali hata kulitambua nilikuwa nabahatisha. Watu wengi huchanganya na mwani. Mwani hauna mzizi wala ua. Hii ni mmea kamili, una mizizi, shina, maua na mbegu, ukoo wake ni wa mimea iliyorudi baharini kutoka nchi kavu. Jani lake ni kama mkanda wa suruali, upana wa kidole, na urefu linaweza kupita mita moja. Kingo zake ngumu. Lakini alama isiyodanganya iko chini: ingiza mkono mchangani ulifuate shina linalotambaa, utagusa nywele nyeusi ngumu, kama za ufagio wa zamani. Hizo ni nyuzi za majani yaliyokufa. Thalassia, jirani yake aliyetapakaa ghuba nzima, hana nywele hizo na majani yake ni mafupi, yamepinda kama kisu cha kuparia samaki.

Jani zee halikai safi. Lile nililolichuma lilikuwa na ukoko mweupe, vimwani vidogo kama manyoya, na kwenye ukingo vipande vilivyomegwa kwa umbo la mwezi mchanga. Hayo ni meno ya pono. Babu alinionyesha bila kutafuta sana, halafu akaniambia ndiyo sababu madema yake anayalaza majanini: pono, tafi na changu wadogo wanakaa humo.

Mara ya pili nilikwenda kwa mwezi, nikajiona mjanja. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mwezi mwandamo una siku mbili, maji yanapwa kabisa saa nne asubuhi. Huu ndio utaratibu wa upande wetu: bamvua likiwa kubwa, maji hukauka katikati ya asubuhi na tena usiku saa kama hizo. Tukasukuma ngalawa hadi kwenye matope ya mchanga karibu na mkondo, huku mikoko ya Jozani ikionekana kwa mbali kusini. Na maua yalikuwepo! Kila baada ya hatua mbili ua jike juu ya kikonyo kirefu chembamba, limelala kwenye uso wa maji, petali tatu nyeupe zilizokunjamana kama kitambaa kilichotoka kufuliwa. Nikapiga picha hamsini. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikingoja maua dume yaje yakielea.

Nilingoja asubuhi tatu.

Hakuja hata mmoja. Kusi lilikuwa linavuma pia, uso wa maji umechafuka, nikalitupia lawama zote. Siku ya tatu, kwa uchovu tu, nikaanza kukagua mche mmoja mmoja kwa chini. Wote majike. Nyasi hii ina miche dume na miche jike mbalimbali, kama mpapai, na kwa kuwa hutambaa kwa shina la ardhini, kiwanja kizima kinaweza kuwa mmea mmoja uliojieneza. Nilikuwa nimekaa siku tatu kwenye ukumbi wa wanawake watupu nikingojea bwana harusi.

Faida niliyopata pale ni matunda. Baadhi ya vikonyo vilikuwa vimejikunja kama springi ya kalamu, vikivuta tunda chini hadi kwenye mchanga. Tunda ni kijani iliyokoza, saizi ya yai dogo, lina manyoya. Babu akalipasua kwa kisu: mbegu kadhaa zenye pembe, zimebanana kama punje za komamanga kubwa. Nikatafuna moja, ina wanga, inakaribia njugu mbichi. Ufilipino watu wa pwani huzila. Jambo lililonishangaza ni kwamba mbegu hizi hazina usingizi. Zikitoka tundani huanza kuota hapohapo, hazingoji msimu kama mahindi yaliyowekwa ghalani.

Mara ya tatu niliomba ruhusa ya kazi kwa kuhesabu siku za mwezi kwanza. Mwezi mpevu, siku ya kumi na sita, maleleji, upepo hakuna. Siku moja kabla nikatembea kutafuta madume. Yanajificha: kikonyo chao ni kifupi, kimekaa chini kabisa kati ya majani, na kifuko bapa chenye vifuniko viwili. Nikapata kiwanja chao, mwendo wa dakika chache tu kutoka kwa majike yangu ya zamani.

Saa nne kasorobo babu akaniita. "Njoo uone. Haya ndiyo huniganda kwenye nyuzi. Mayai ya dagaa."

Uso wa maji ulikuwa na chembe nyeupe, maelfu, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Zilikuwa zinapanda kutoka chini moja moja, kila moja na kipovu chake cha hewa, zikifika juu zinafunguka pap na kusimama wima. Nikapuliza kidogo. Zikateleza zote kwa pamoja kama punje za lile boksi jeupe la kupakia samaki. Nikamwambia babu haya ni maua dume. Hakunibishia wala hakunikubalia. Akateka kiganja kimoja, akayamwaga maji, akazisugua kwa kidole gumba.

"Makavu," akasema. "Yai haliwi kavu."

Tukazifuata taratibu, maji yakiwa magotini. Zilipolikaribia ua jike hazikuligonga. Ziliteremkia kwake, kwa sababu petali zile haziloi na zimeubonyeza uso wa maji ukawa kama kisahani. Chembe zikaingia kisahanini zikarundikana. Maji yalipoanza kujaa, kikonyo kikabaki chini, petali zikafumba na wageni wote ndani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyasi hii haipendi kina kirefu. Kutambaa inaweza, ila kikonyo kisipofika juu, mbegu hakuna.

Nilifunga uzi mwekundu kwenye majike sita. Bamvua lililofuata nikarudi, nikawaona watano. Watatu vikonyo vyao vilikuwa vimeanza kujikunja, wawili wamesimama vilevile, maua yameoza. Uzi wa sita babu aliukuta ndani ya dema lake, pamoja na tafi wawili, fundo bado limekaza.