Asilimia 51 za Mama

Mvua imetufukuza saiti mapema leo. Tumejibanza kwenye kontena na mafundi wa kampuni nyingine, kahawa mkononi, na mmoja wao akaanza wimbo wake wa siku zote: "Nyie mna raha. Kampuni ya Wazawa, kazi za serikali mnaletewa mezani." Wazawa hapa ni wenyeji wa asili wa Kanada, waliokuwepo kabla ya wazungu. Wimbo huo nimeusikia tangu nianze kibarua hapa Fredericton, Kanada. Sikumjibu, maana jibu lake ni refu, na huyu bwana si msikilizaji.

Familia iliyoniajiri ni ya Wamaliseet, au Wolastoqiyik kama wanavyojiita wenyewe, watu wa mto Wolastoq, ule ambao ramani zinauita Saint John. Mwenye kampuni ni Mama wa familia hiyo. Baba, mumewe, ambaye ni Mwakadia, yaani Mkanada wa asili ya Kifaransa, anaendesha kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, na vijana wao wanasimamia misingi na paa. Na ni kweli, tangu 1996 serikali kuu ya Kanada hutenga baadhi ya zabuni kwa kampuni ambazo angalau asilimia 51 ni mali ya Wazawa, na siku hizi wizara zinatakiwa angalau asilimia 5 ya thamani ya mikataba yao iende kwa kampuni za Wazawa. Asilimia 51 zetu ziko kwa jina la Mama.

Lakini jina hilo halikuingia kirahisi kwenye rejista ya serikali inayosema nani ni Mzawa. Bibi, mama yake mzazi, aliolewa na mzungu, na kwa sheria ya wakati ule akafutwa hapo hapo, yeye na wanawe. Mwanamume aliyeoa mzungu hakufutwa. Tena mkewe mzungu naye aliandikishwa. Sandra Lovelace wa Tobique, kijiji cha Wamaliseet huko juu ya mto, aliipeleka Kanada mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 kamati ikaona Kanada imevunja haki yake, na 1985 sheria ikarekebishwa. Hapo ndipo Bibi na Mama waliporudishwa kwenye orodha ya watu wao. Mimi niliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, ambako bila kadi ya mgao huli, sihitaji kuelezwa mara mbili nguvu ya karatasi.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Uwanja wetu wa vifaa uko ndani ya ardhi iliyotengewa Wazawa. Kifungu cha 89 cha Indian Act, sheria ya Kanada inayowahusu Wazawa, kinasema mali ya Mzawa iliyo kwenye ardhi hiyo haiwezi kuwekwa rehani kwa mtu asiye Mzawa. Nia ilikuwa kuwalinda wasinyang'anywe, na hilo silibezi. Ila ukienda benki kutaka mkopo wa kijiko kipya, nyumba yako si dhamana, uwanja wako si dhamana. Yule bwana wa kwenye kontena aliweka nyumba yake rehani, akanunua mitambo miwili. Sisi kijiko chetu ni cha mtumba, kimelipwa kidogo kidogo, na kikiharibika Baba analala chini yake na spana. Kazi kubwa za serikali nazo zinataka dhamana ya utekelezaji, yaani uhakika wa fedha kwamba kazi itamalizika, kabla hujamwaga hata toroli moja la zege. Mlango umefunguliwa, sawa, lakini kiingilio ni kile kile ambacho sheria nyingine imekuzuia kukikopa.

Na kuna gharama ambazo familia hii inajitwisha yenyewe. Majuzi tajiri mmoja alitaka tumsafishie kiwanja karibu na kinamasi, ajenge nyumba ya mapumziko. Mama akaenda kukiona, akakuta miti ya ash nyeusi, ile wanayoiponda gogo lake mpaka pete za mti zinaachana kuwa vipande vya kusukia vikapu. Katika masimulizi yao Koluskap, shujaa wao wa kale, alipiga mshale kwenye mti wa ash, watu wakatoka humo. Tena kuna mdudu anayeiua, alionekana Edmundston mwaka 2018, kwa hiyo kila mti mzima una thamani. Mama akaomba magogo wapewe wasusi. Tajiri akasema yote yasagwe, anataka kazi iishe. Mama akakunja karatasi zake, akaaga. Nilikasirika, sifichi, zile zilikuwa saa zangu za kazi. Baba akacheka tu, akaniambia nikafagie gereji.

Huyo Baba ana ukali wake kwenye zege. Hapokei kokoto bila kuona cheti cha maabara. Bwawa la Mactaquac, lililokamilika 1968 hapo juu kidogo ya mji, lilijengwa kwa jiwe linalopambana na saruji. Zege lake linavimba, na linakatwa kwa misumeno ili lipate nafasi. Lilitarajiwa kudumu miaka 100, na sasa shirika la umeme linatumia fedha nyingi ili lifike huko 2068. Samaki aina ya salmoni wanaopanda mto wananaswa chini ya ukuta na kupandishwa kwa lori. Jamaa za Mama wanaishi Kingsclear, jirani kabisa na ukuta huo. Hawahitaji hotuba kuhusu ujenzi mbovu. Wanauona kila asubuhi wakitoka nje.

Maji ya mafuriko yakishuka, mwezi Mei, kazi husimama. Familia nzima huingia kwenye mitumbwi kwenda visiwani kuchuma machipukizi ya kangaga, na hakuna mteja aliyewahi kuwashawishi vinginevyo. Mwaka huu zabuni ya ukarabati wa jengo la serikali inafungwa wiki hiyo hiyo. Ndogo, haina masharti makubwa ya dhamana, tunaiweza. Nimemuuliza Mama tutafanyaje. Akasema bei tuzimalize wikendi hii, kwa hiyo kesho nakwenda kwake na vipimo vya paa. Halafu akauliza kama nina mabuti marefu.