Shangazi, mama mdogo na ile pembetatu

Jumapili nilipanda Kibosho kumsalimia mama, nia yangu nile mtori, nipumzike, nirudi zangu Moshi mjini mapema maana baridi ya kule mwezi wa saba si mchezo. Sijakaa hata nusu saa mtoto wa kaka, yuko form two, akaja na daftari la hesabu kanuna. Shangazi hii sielewi. Kucheki, trigonometria, zile hesabu za pembe na pande za pembetatu yenye kona ya digrii 90. Moyo ukapiga paa.

Mwenzenu hii topiki ilinilaza. SOTOCA na chini yake HAH nilikuwa naiimba kama kwaya, sin ni O juu ya H, tan ni O juu ya A, cos ni A juu ya H, yaani unagawanya upande kwa upande, O ni opositi, A adjasenti, H haipotenusi, lakini ukinichorea pembetatu ukaniuliza O ni ipi nakuonyesha mstari uliosimama wima, kila siku huohuo. Ubaoni ikawa inakubali kwa sababu pembe ilikuwa inawekwa kona ya chini, sasa siku ya mtihani wakaichora imelala na pembe iko juu, nikaisha.

Binti naye kumbe karithi. Kapewa pembe ya juu, ameandika adjasenti kwenye ule mstari mrefu wa mshazari. Kwa nini huo? "Si umeigusa pembe shangazi?" Na kusema kweli yuko sahihi, kila pembe inaguswa na mistari miwili, kwa hiyo ukisema tu adjasenti ni upande jirani, majirani wako wawili! Hili sikumbuki kuambiwa, labda nilikuwa nasinzia. Ndo maana unaanza na haipotenusi: tafuta kona ya digrii 90, ile yenye kaboksi, mstari unaoitazama ndo wenyewe na ndo mrefu kuliko wote, andika H achana nao. Halafu nenda kasimame kwenye pembe uliyopewa. Mstari usiokugusa kabisa, wa ng'ambo, ni opositi. Uliobaki ndo adjasenti.

Tukahamia pembe nyingine ya pembetatu ileile, O na A zikabadilishana, akaniangalia kama tapeli. Lakini mstari si uleule?

Hapo mtoto wa dada, wa darasa la kwanza, akapiga kelele, mama mdogo njoo, kuku kaingia jikoni! Nikamwambia binti umesikia? Huyu ananiita mama mdogo, wewe shangazi, na mimi nimekaa kwenye stuli hiihii sijasogea, nani kabadilika? Akacheka, akanyamaza, akachukua penseli.

Pembetatu ilikuwa na pande za 3, 4 na 5. Ile 4 kwa pembe ya chini ni opositi, sin inakuwa 4/5. Ukienda juu 4 hiyohiyo ni adjasenti, cos ni 4/5. Zote 0.8, pembe moja kama digrii 53 nyingine kama 37. Akauliza mwenyewe, kwa hiyo sin ya huku ndo cos ya kule? Ndo hivyo, maana pembe hizo mbili zikijumlishwa lazima zifike 90.

Kichwa kikavimba nikaongeza, haipotenusi sasa ni bibi yenu, haijalishi nani anaita, wote wawili mnamwita bibi. Akanigeukia: "Mbona wewe unamwita mama?" Mama alikuwa anamenya ndizi pembeni, alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Nikasema we andika kazi yako.

Jibu limekuja kwenye hiace narudi, nimebanwa kati ya dirisha na mama mmoja na ndoo yake ya parachichi. Wanaoita ni zile pembe mbili kali tu, zisizofika 90, yaani binti na mdogo wake. Mimi pale ni mstari, na mstari haumwiti mtu! Nikacheka peke yangu, mama wa parachichi akasogeza ndoo yake.

Nikamtumia kaka voisi ampelekee. Saa tatu usiku ikaja picha ya daftari, maswali sita, H zote kapatia. Opositi kakosa moja, ile pembetatu iliyolala.