Siku niliyolazwa na mtu wa asilimia sifuri

Nianze na daftari, maana bila lile daftari haya mengine yote yasingenikuta. Daftari la kawaida tu, jalada limeshachanika, humo ndani nimejaza mabondia wa uzito wa juu kuanzia wa enzi za picha zisizo na sauti mpaka wa sasa, kila mmoja kashinda mara ngapi, KO ngapi, yani mara ngapi kammaliza mpinzani kabla raundi hazijaisha, halafu pembeni asilimia ya KO kwenye ushindi wake nimeipiga kwa kikokotoo cha simu na kuizungushia duara jekundu. Ilikuwa 2019. Nilikuwa na mwaka wa tatu kwenye mazoezi ya ngumi, mapambano matano ya ridhaa, nimeshinda mawili, yani ulingoni nilikuwa wa kawaida kabisa ila kwenye ubishi nilikuwa bingwa na mkanda sijawahi kuuachia.

Na ubishi wetu pale gym ulikuwa mmoja, haubadiliki: nani ana ngumi nzito kuliko wote tangu masumbwi yaanze. Kila mtu na mtu wake. Jamaa mmoja mwembamba yeye ni Tyson tu, humwambii kitu, ukimgusa anakutajia Spinks, 1988, Tyson kamlaza kwa sekunde 91, kwisha. Mwingine wa Foreman, huyu hata akipiga begi alikuwa anatanua miguu na kusukuma mikono mizito kama anasukuma gari lililozima. Halafu kulikuwa na mzee mmoja anayekuja kukimbia kidogo na kuruka kamba, wa Joe Louis, yeye haongei sana, anasubiri mchoke.

Jioni hiyo tulikuwa tunafunga bandeji mikononi tusubiri sparingi, yani kupigana kwa mazoezi, mi nikatoa daftari nikaanza kusoma kama hakimu anasoma hukumu. Deontay Wilder, kashinda 41, KO 40, asilimia 97 na ushee. Earnie Shavers 74, KO 68, karibu 92. Foreman 76, KO 68, 89. Tyson 50, KO 44, 88. Marciano 49, KO 43, naye karibu 88. Joe Louis 66, KO 52, asilimia 79 tu. Nikafunga daftari. Nikasema kesi imeisha, Wilder ndo baba lao, na yule mmoja aliyefika naye raundi ya 12, Bermane Stiverne, 2015, walirudiana 2017 akamaliza shughuli raundi ya kwanza, kwa hiyo mpaka siku ile hakuna mtu kashindwa na Wilder ambaye hajamalizwa. Jibuni sasa.

Weee. Kelele zilizotoka hapo sijui hata nizielezeje.

Mtu wa Foreman alipanda juu ya benchi kabisa. Akasema Joe Frazier alikuwa hajawahi kupigwa na mtu yeyote, bingwa wa dunia, kaenda Kingston, Jamaica, Januari 1973, kaangushwa mara sita ndani ya raundi mbili, MARA SITA, na ngumi moja ilimnyanyua mpaka miguu ikaachana na sakafu. Halafu Foreman huyohuyo 1994, ana miaka 45, ana kitambi, kilo 113, anapoteza kwa pointi, kavaa bukta ileile nyekundu aliyopigwa nayo na Ali miaka 20 nyuma, raundi ya 10 anaachia ngumi fupi ya kulia, haikuwa hata ya kujikunja, Michael Moorer chini, bingwa mpya. Akaniuliza Wilder akifika miaka 45 ataweza kumwangusha nani, mlango? Nikamjibu kwa Kinshasa, 1974, kwamba Foreman kampiga Ali raundi saba nzima mtu kaegemea kamba, na wa kulala raundi ya nane akawa yeye. Nilidhani nimemmaliza. Hapohapo mtu wa Tyson akaninasa, akasema na yule Muingereza Fury je, alivyopigana na Wilder Desemba 2018, raundi ya 12, kapigwa mbili safi kalala chali macho juu, dunia nzima inajua kaisha, kainuka, pambano likaisha sare, sasa hiyo 97 yako siku ile ilikuwa imeenda wapi?

Kwa kweli hapo niliyumba kidogo. Nikajitetea na kilo, kwamba Wilder siku ile alikuwa na 96 na Fury 116, yani kapiga mtu aliyemzidi kilo 20, wakati Marciano mwenye kilo zake 84 alikuwa anakutana na watu wa saizi yake, leo hii hata uzito wa juu asingepigana. Nikaona mzee wa Louis anatabasamu. Akasema taratibu, na Jack Dempsey alikuwa na ngapi? Nikakaa kimya maana nilikuwa najua anakonipeleka: Dempsey wa kilo 85 hivi na Jess Willard jitu la karibu mita mbili, 1919, kamdondosha mara saba raundi ya kwanza peke yake. Bahati nzuri nilikuwa na jibu la hilo. Enzi hizo hakukuwa na kumpeleka aliyeangusha kona ya mbali, ulikuwa unaruhusiwa kusimama pembeni ya aliyeanguka, akinyanyua tu goti unampa nyingine, kwa hiyo zile saba mngezigawanya kwa mbili. Watu wakaguna, hawakukubali wala hawakukataa.

Kocha alikuwa muda wote huo anapanga glovu, anatunyima hata jicho. Ila akaniuliza swali moja, na nakiri mpaka leo ndo swali lililoniharibia daftari. Akasema, "We kijana, hao 41 wa Wilder nitajie watano ambao wewe ungewaogopa." Nikasema Luis Ortiz. Nikasema Stiverne. Nikasema Breazeale, watu wakacheka. Nikakwama. Akasema haya, mwangalie huyo uliyempa 79: Louis kamlaza Carnera, kamlaza Baer, kamlaza Sharkey, kamlaza Braddock, kamlaza Schmeling kwa sekunde 124 waliporudiana 1938, kamlaza Walcott 1948. Wote sita hao walivaa taji la uzito wa juu, wengine kabla yake, Walcott baada yake. Anahesabu kwa vidole vya mkono wenye glovu, kitu ambacho hakiwezekani, lakini aliweza. Akasema kwenye daftari lako Carnera na kibonde wa mtaani wote wana thamani ya moja.

Halafu akaongeza na yake, kwamba tunapoteza muda na mijitu, mpigaji wa kweli wa ngumi moja alikuwa Julian Jackson, kilo 72, ushindi 55 KO 49, na tukitaka ushahidi tumtafute akipigana na Herol Graham 1990. Graham anacheza naye kama mtoto, Jackson jicho limeshavimba linafunga, pambano liko karibu kusimamishwa, raundi ya nne Graham anaingia kummalizia, anakutana na moja ya kulia. Moja. Fahamu zilishaondoka kabla mgongo haujagusa chini. Nikasema huyo si uzito wa juu hahusiki. Kocha akarudi kwenye glovu zake.

Sasa makosa yangu makubwa ni mawili na yote niliyafanya ndani ya dakika tano zilizofuata.

La kwanza, mtu alimtaja Ali na Liston, Mei 1965, ile ya Lewiston, raundi ya kwanza, ngumi fupi ya kulia ambayo watu kibao waliokuwa ukumbini walisema hawakuiona na mpaka leo inaitwa ngumi ya kizuka. Mi nikasema pale hamna kitu, Liston alijilaza. Liston! Mtu aliyemmaliza Floyd Patterson raundi ya kwanza mara mbili mfululizo, leo aangushwe na kitu ambacho hata hakionekani? Mtu haanguki kwa ngumi ambayo haipo. Nikajilaza kwenye benchi kuigiza, mikono pembeni, ulimi nje. Watu walicheka sana na mi nikarudia mara ya pili maana nilikuwa nimenogewa.

La pili ni ukurasa wa mwisho. Ukurasa wa mwisho wa daftari nilikuwa nimeandika sisi wenyewe, gym nzima, na asilimia zetu. Mtu wa Tyson akalipora akaanza kusoma kwa sauti, na wa mwisho kabisa kwenye orodha alikuwa jamaa mmoja mkimya, kilo zake na zangu zinalingana, mapambano 11, ushindi saba, wote wa pointi. KO sifuri. Asilimia sifuri, na duara jekundu. Alikuwa amekaa palepale. Akasema tu "kweli kabisa," akaendelea kufunga bandeji yake.

Kocha akatuita ulingoni. Mimi na nani? Ndiyo, yeye.

Glovu kubwa za wakia 16, helmeti, ilikuwa sparingi nyepesi ya kawaida, kocha kasema hakuna kuumizana. Raundi ya kwanza haikuwa na lolote, jamaa ananigusa na jebu zake, zile ngumi za kunyoosha za mkono wa mbele, mbili mbili, anaondoka, mi namfuata, ndo maana hana KO, haishi kuondoka. Raundi ya pili mtu wa Foreman akaja akasimama kwenye kamba, bado ana donge lake la Kinshasa, akawa ananiuliza kama Foreman hana ngumi mbona Ali alikubali kukaa kwenye kamba badala ya kucheza katikati. Nami nikataka kumjibu. Nilikuwa nimepata jibu zuri la Shavers, 1977, alivyompiga Ali raundi ya pili mpaka Ali mwenyewe baadaye akawa anatania kwamba ngumi ile iliwatikisa ndugu zake huko Afrika, na bado Ali akamaliza raundi 15 na kushinda. Nikageuza uso kidogo tu kuelekea kwenye kamba, nikafungua mdomo na kinga ya meno humohumo, nikasema, "Lakini Sha..."

Nakumbuka kamba ya juu, ilikuwa imefungwa plasta nyeupe mahali ilipochanika na hiyo plasta imeanza kubanduka upande mmoja. Hicho ndicho kitu cha mwisho. Sikusikia mlio. Sikuona mkono. Hakukuwa na zile nyota za kwenye katuni, hakukuwa na maumivu, hata kuanguka sikuanguka mimi, aliyeanguka ni mtu mwingine. Kilichofuata ni taa ya juu na uso wa kocha uko karibu sana kiasi kwamba naona vinyweleo vya ndevu zake, kinga yangu ya meno iko mkononi mwake, na naambiwa nilimalizia sentensi. Nikiwa chali pale nikasema "...vers je?"

Kocha akaniuliza raundi ya ngapi, nikajibu ya kwanza. Akanikalisha kwenye kona, akanivua glovu mwenyewe, akasema mwezi mzima sitaki kukuona umevaa helmeti na leo haulali peke yako nyumbani. Miguu ilikuwa kama nimeazima. Taya lilikuja kuuma kesho yake, kutafuna ilikuwa kazi. Kocha baadaye alinieleza kwamba ngumi ukiiona inakuja shingo inajikaza yenyewe na meno yanabana, kichwa kinagoma kuzunguka, ila mi nilikuwa nimelegea shingo, taya liko wazi, naangalia pembeni, hapo kichwa kinazunguka kama bawaba na ubongo ndani unachelewa kukifuata. Haikuhitaji nguvu ya kutisha. Mkimya wa watu alikuja kuniomba msamaha mara tatu, anasema hakukusudia, alirusha tu ya kawaida akijua nitakinga.

Mtu akachukua daftari langu na kalamu akamuuliza tubadilishe ile sifuri? Akauliza, "Kwani sparingi inahesabika?" Kocha akasema haihesabiki. Sifuri ikabaki.

Ila ubishi mpya ulikuwa umeshaanza. Mtu wa Tyson anaapa ilikuwa kushoto ya kuzungusha, kaiona kwa macho yake. Mtu wa Foreman aliyekuwa kasimama mita moja anasema kulia, fupi, tena iliteleza juu ya glovu yangu kwanza. Mzee wa Louis alikuwa anaruka kamba. Kocha alikuwa anaangalia saa ya raundi. Wakamuuliza mpigaji mwenyewe, akaangalia mikono yake, akasema mi nilirusha zote mbili, sijui ipi ilifika. Basi wote wakanigeukia mimi niliyekaa na barafu shavuni, kwamba we ndo ulikuwa karibu kuliko wote, tuambie.

Nikasema sikuona kitu.

Pakawa kimya kidogo hivi. Halafu mtu wa Tyson akaenda kwenye benchi, akajilaza chali, mikono pembeni, akatoa ulimi nje.