Kifungu cha 14

Leo asubuhi nimetia saini mkataba wa kitabu changu cha pili. Ule wa kwanza niliusaini kwa dakika tano, nimesimama, nimejaa furaha mpaka sikuona haja ya kuusoma. Huu umechukua wiki saba, na nne kati ya hizo zimeliwa na kifungu kimoja tu.

Ni kifungu cha 14, kinachoeleza ni lini haki za kitabu, yaani ruhusa ya kukichapa na kukiuza, zitarudi kwa mwandishi. Rasimu ilisema mchapishaji atakaa nazo "maadamu kitabu kinapatikana". Mimi nilipita hapo bila kusita. Wakala wangu, anayeniuzia miswada kwa wachapishaji, akayazungushia maneno hayo kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "Kinapatikana vipi?"

Akanipigia simu kunieleza. Zamani nakala zilipokwisha ghalani na mchapishaji asichape tena, mwandishi alikuwa na haki ya kudai kilicho chake. Nakala ya kielektroniki haimaliziki. Hata mwaka upite bila mtu kuinunua, kwa maneno ya mkataba kitabu "kinapatikana".

Nilinyamaza, maana ndiyo hali ya kitabu changu cha kwanza. Cha karatasi kimetoweka miaka mitatu sasa. Wasomaji wananiandikia wakikitafuta, sina hata kimoja cha kuwapa. Nimeandika barua nne kuomba haki zangu, na jibu ni lile lile: kitabu bado kiko sokoni. Inaniuma, tena sana, kwa sababu saini iliyo chini ya maneno hayo ni yangu.

Kwa hiyo tukadai idadi ya chini ya mauzo. Mchapishaji alitaja nakala 30, wakala akataja 300, wakavutana mpaka wakakutana kwenye 150. Vipindi viwili vya hesabu vikipita mfululizo bila mauzo kufika hapo, naandika barua na haki zinarudi. Mara mbili nilimwambia wakala tuache tu, nikiogopa wataghairi. Akanijibu kwa upole kwamba mchapishaji anayekitaka kitabu hakikimbii kwa sababu ameulizwa swali.

Mwandishi mwenzangu mmoja huwaita mawakala kupe. Lawama hiyo ina umri wa kazi yenyewe: A. P. Watt alipoianza London karne ya 19, akichukua asilimia 10, wapo wachapishaji waliomwona mtu wa kuwaingilia. Siku hizi kawaida ni asilimia 15, na 20 kwa haki za nje na za tafsiri, maana huko mara nyingi kuna wakala mwingine wa kugawana naye. Sizioni nyingi. Analipwa nikilipwa mimi. Kabla yake niliwaandikia mawakala barua 31, nyingi hazikujibiwa, na mmoja aliyejibu haraka alitaka kwanza ada ya kusoma mswada. Nilikuwa nimekata tamaa kiasi cha kukaribia kumlipa. Wakala wa kweli hakutozi ada ya kusoma; anakula kwenye mauzo ya kitabu chako.

Nyumbani wamenipongeza kana kwamba nimepata zawadi. Nimewaeleza kwamba malipo ya awali ni mrabaha, yaani fungu la mwandishi katika mauzo, uliotangulizwa, na utakuja kwa mafungu matatu: baada ya saini, mswada ukikubaliwa, na kitabu kikitoka. Mpaka kitabu kirudishe fedha hizo kwa mauzo, taarifa zangu zitasoma sifuri. Nafuu ni kwamba kisipouza, sidaiwi.

Jioni wakala ameomba kuuona ule mkataba wa kwanza, ingawa hautampa hata senti. Nimeutoa kabatini, nimepiga picha kurasa zote 11 na kumtumia. Baada ya nusu saa amenirudia. Hakuuliza kuhusu haki. Ameuliza kuhusu ukurasa wa 6, panaposema kwamba mchapishaji ataniletea taarifa ya mauzo kila baada ya miezi sita, na kwamba asipotimiza wajibu wake baada ya kukumbushwa kwa maandishi, naweza kuuvunja mkataba.

"Ya mwisho uliipata lini?"

Nimefungua faili na kupekua karatasi moja moja. Ina tarehe ya miaka miwili iliyopita. Sasa nimekaa mezani, naandika barua ya tano.