Siku yangu moja nikikamua mate ya kupe

Saa 1 asubuhi navaa koti, glavu, nabana mikono kwa tepu, kisha nahesabu kupe kwenye chupa zao zenye unyevu. Wote wapo.

Saa 2 nawaosha majike walioondolewa kwa mnyama kabla hawajashiba, nawabandika chali juu ya kioo. Saa 3 nawadunga pilokapini, dawa inayochochea mate, na kumvisha kila mmoja mrija mwembamba wa kioo mdomoni. Baada ya hapo ni kuinamia hadubini.

Watu wanajua kupe ananyonya. Hawajui kwamba muda wote huo anatema pia: maji mengi ya damu anayokunywa huyarudisha kwa mnyama kupitia mate. Mbu humaliza mlo wake kwa dakika chache, lakini jike la kupe mgumu, yule mwenye ngao mgongoni, hukaa ngozini wiki nzima au zaidi, na mwili wa mnyama haukai kimya. Ndiyo maana naliheshimu tone hili la mate lisilofika hata ukubwa wa kichwa cha pini. Mna protini inayoganda na kulishikiza domo lenye miiba ndani ya ngozi. Mna apirasi, inayovunja ADP, kemikali inayoziita chembe sahani za damu, ili zisikusanyike kuziba jeraha, na protini nyingine zinazozuia damu kuganda. Protini za lipokalini hunasa histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho, kwa hiyo muwasho unachelewa na mnyama hajikuni. Evasini nazo hushika kemokini, zile ishara zinazoita chembe nyeupe za damu. Huo ni ufundi mkubwa, na unamuumiza mnyama.

Mchana, shingo ikiwa imeshakakamaa, akaingia mwenzetu wa ofisi ya mahesabu na kusimama mlangoni.

"Dada, si muwapige dawa tu wafe, yaishe?"

"Kaka, dawa tunapiga. Kupe wanaizoea."

"Sasa mate yatasaidia nini?"

Nilimweleza bila kuinua macho. Chanjo ya kupe inayotumika kwa ng'ombe imetokana na Bm86, protini ya utumbo wa kupe. Sisi tunatafuta ndani ya mate ile protini ambayo kinga ya mnyama ikiitambua, kupe atashindwa kunyonya. Ugumu ni kwamba protini kadhaa hufanya kazi moja. Ukiizuia hii, ile inashika zamu. Alisikiliza mpaka mwisho, nami nilifurahi kweli.

Jike mmoja hakutoa kitu. Nikarekebisha mrija, nikaongeza unyevu, nikasubiri. Mgongo ukauma, macho yakaanza kuona ukungu, wenzangu wakaaga mmoja mmoja. Sikumwondoa, kwa sababu wengine huchelewa tu, na tone moja likipotea ni kipimo kimoja kimepotea. Alipotoa, nje giza lilikuwa limeshaingia.

Mate nimeyaweka kwenye barafu, nimeandika lebo, yameingia friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kesho tunapima wingi wa protini. Yasipotosha, nabandika majike wengine.