Rangi za nyuki au zangu?

“Mwanangu, hizi rangi ni za nyuki au ni zako?”

Ba’mdogo wala hakungoja jibu. Alinirudishia simu, akaomba chumvi. Arobaini ya Bibi imepita salama, Neema kaposwa, wageni wametawanyika, na mimi bado nimeng’ang’ania swali la mzee anayerina asali Itigi tangu sijazaliwa.

Picha nilizomwonyesha mnazijua, nilizopiga kwa urujuanimno, ule mwanga ambao nyuki huuona na sisi hatuuoni: yale maalizeti yaliyojiotea kando ya barabara Singida. Kwa macho yetu petali ni manjano tupu. Kwenye urujuanimno ncha zinang’aa na vitako vyake ni vyeusi, kwa hiyo ua linakuwa na duara jeusi katikati. Weusi huo ni kazi ya flavonoli, kemikali za petali zinazofyonza mionzi hiyo. Hapo sina shaka. Shaka iko kwenye ile manjano na zambarau niliyomwonyesha.

“Ni zako?” Ningepewa nafasi ningeanzia mbali. Kamera ya dukani ina kioo mbele ya sensa (kile kipande kinachonasa mwanga) kinachozuia urujuanimno na infraredi, mwanga mwingine tusiouona. Fundi hukitoa, akaweka kinachopitisha vyote. Lenzi za kisasa, zenye vioo vingi na mipako, humeza urujuanimno mwingi, ndiyo maana nafunga lenzi ya EL-Nikkor ya zamani ya milimita 80, iliyotengenezwa kwa kukuzia picha kwenye chumba cha giza. Mbele yake filta mbili, vioo vya kuchuja mwanga. Ya kwanza, U-340 ya unene wa milimita 2, hupitisha urujuanimno, lakini ikiwa peke yake huvujisha infraredi karibu na nanomita 700 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), na sensa huiona infraredi kirahisi kuliko urujuanimno, kwa hiyo ya pili, S8612 ya milimita 2, inaziba hapo. Ukitaka kujua kama inavuja, tazama majani. Yakitoka meupe umepiga infraredi. Urujuanimno huyafanya meusi.

Hata jua la saa sita, kwa f/8 (tundu la lenzi) na ISO 800 (wepesi wa sensa kuhisi mwanga), picha hutaka karibu nusu sekunde, pengine zaidi. Na upepo wa Singida mnaujua! Asubuhi upepo umelala, lakini urujuanimno nao bado haujaamka. Nyuki ndiye hasubiri kabisa, kwake ni flashi tu: ile ambayo bomba lake la gesi ya zenoni halina mpako wa manjano unaozuia urujuanimno, na plastiki ya mbele imetolewa. Kapasita yake hubaki na volti zipatazo 300 hata betri zikitoka. Asiyejua kuiondolea chaji asiifungue. (Tochi za nanomita 365 usiku ni habari nyingine. Hapo ua linawaka kwa mwanga tunaouona, si kwamba linarudisha urujuanimno.)

Haya, rangi. Weupe nausawazisha kwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba, iliyokunjwa tabaka nyingi, kwa sababu inarudisha urujuanimno karibu wote kwa usawa. Karatasi nyeupe haifai, maana dawa za kuing’arisha huunyonya. Sasa, vijichujio vya nyekundu, kijani na buluu vya sensa vilitengenezwa kwa macho ya binadamu, na chini ya nanomita 400 kila kimoja huvujisha kwa kiasi chake. Programu ikisawazisha mvujo huo, zinazaliwa manjano na zambarau. Si za nyuki. Na wala si zangu, Ba’mdogo! Ni za kiwanda cha sensa.

Tangu jana hasira ya kuulizwa swali lile imeniisha, na nadhani hakuna aliyewahi kuniuliza vizuri hivyo. Jicho la nyuki lina vipokezi vitatu vya mwanga: urujuanimno karibu na nanomita 344, buluu 436, kijani 544. Anayetaka kumkaribia apige picha tatu, moja kwa kila kipokezi, bila kusogeza stendi, kisha urujuanimno aupeleke kwenye buluu, buluu kwenye kijani, kijani kwenye nyekundu. Inawezekana kwa ua lililotulia. Nyuki mwenyewe atakuwa ameshahama kabla ya ya pili. Na bado utakuwa unatazama kwa jicho lako.

Basi nimemtumia moja ya nyeusi na nyeupe. Amejibu baada ya dakika: “Kwa hiyo nyuki wangu haoni rangi?” Nimecheka hadi mtoto akaja kuangalia.

Mama naye kapiga leo, kumbe dawa zake za presha zimeisha tangu Jumatatu na alikuwa anasubiri mtu wa kuja mjini.