Umechaguliwa vyuo vitatu? Soma haya kabla hujathibitisha kimoja

Kila msimu wa udahili kosa ni lile lile: watu wanalinganisha majina ya vyuo kama timu za mpira. UDSM au SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar)? MUHAS (chuo cha afya cha Muhimbili) au UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma)? Jina la chuo halikwambii hata utakaa mji gani.

Chukua Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani UDSM. Ualimu unasomeshwa pia katika vyuo vyake vishiriki, DUCE pale Chang'ombe na MUCE, ambayo ipo Iringa. Na udaktari wa UDSM hausomeshwi Mlimani, kampasi yake kuu. Chuo chao cha afya kipo Mbeya. Kijana aliyejiandaa kushuka botini na kupanda daladala ya Ubungo anajikuta yupo stendi ya Mbezi anatafuta basi la safari ya kutwa nzima. SUZA nayo si Tunguu peke yake: ina kampasi Vuga, Maruhubi, Mbweni, Chwaka na Pemba. Isome barua ya udahili mpaka ukurasa wa mwisho. Kama kampasi haikutajwa, piga simu ofisi ya udahili na uulize kozi yako inasomeshwa wapi kuanzia mwaka wa 1 mpaka wa mwisho.

Wazee wengi wanapenda mtoto abaki Zanzibar ili gharama zipungue. Kwa mtoto wa Fuoni au Mwanakwerekwe ni kweli: asubuhi anapanda daladala, jioni anakula kwao. Kwa mtoto wa Wete au Micheweni hesabu hiyo haipo. Tunguu kwake ni ugenini kama Dar: atavuka bahari, atalipia dahalia au chumba, na chakula atanunua. Familia ya Pemba inayokataa chuo cha Bara kwa sababu ya gharama za kukaa iziandike kwanza gharama za Unguja, zote, kwenye karatasi moja na zile za Bara. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko walivyodhani.

Karatasi yenyewe iwe na safu moja kwa kila chuo. Anza na ada ya mwaka. Chini yake andika ile michango ambayo watu huisahau: bima ya afya ya NHIF, iliyozoeleka kuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, shilingi 20,000 za udhibiti ubora za TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), usajili, kitambulisho, serikali ya wanafunzi. Halafu chumba, chakula, nauli ya kwenda na kurudi angalau mara mbili kwa mwaka, mafunzo kwa vitendo na utafiti wa mwaka wa mwisho. Kwenye nauli, kumbuka kuwa Dodoma na Morogoro sasa zina treni ya SGR kutoka Dar tangu 2024. Iringa na Mbeya SGR haifiki. Ukimaliza, zidisha kwa miaka ya kozi: ualimu 3, uhandisi 4, udaktari 5, na daktari ana mwaka 1 zaidi wa mafunzo ya kazi hospitalini kabla ya usajili kamili.

Sasa toa mkopo, lakini toa ule ulioandikwa kwenye barua ya bodi tu. Iwe Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar au HESLB, bodi ya mikopo ya Bara, kupewa mkopo si kupewa wote. Mmoja analipiwa ada nzima, mwenzake sehemu tu. Kwa wanaoomba HESLB, cheti cha kuzaliwa cha Zanzibar huhakikiwa na ZCSRA, wakala wa usajili wa matukio ya kijamii Zanzibar, si RITA inayohakiki vya Bara, na kila mwaka wapo wanaokwama hapo. Na bumu la kwanza, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, usilitegemee kwa wiki ya kwanza, kwa sababu linalipwa baada ya kusajiliwa chuoni na kusaini. Ondoka nyumbani na pesa ya kula ya mwezi mmoja mpaka miwili.

Kama miongoni mwa vyuo vyako ipo IIT Madras ya Bweleo (tawi la chuo cha teknolojia cha India), iliyofunguliwa 2023 na inayosomesha sayansi ya data na akili mnemba, ada yake ni ya dola na ndiyo inayoamua kila kitu. Ukipewa ufadhili, uliza mambo mawili na upate jibu la maandishi: ni wa mwaka mmoja au miaka yote 4, na matokeo yakishuka unaendelea au unakatwa?

Pesa zikiwa zimekaa sawa, ndipo uingie kwenye kozi. Hapa nina msimamo: kozi unayoitaka katika chuo cha jina dogo ni bora kuliko kozi uliyopewa tu katika chuo kikubwa. Tafuta orodha ya masomo ya mwaka wa 3 kwenye tovuti ya kila chuo, maana mwaka wa 1 hufanana karibu kila mahali. Kwa udaktari, uliza kuhusu hospitali. Mwanafunzi wa MUHAS anajifunzia Muhimbili, anakutana na maradhi ya rufaa kutoka nchi nzima, ila kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi wengi. Wa SUZA anajifunzia Mnazi Mmoja, kwa wagonjwa ambao ndio atakaowatibu akiajiriwa hapa. Anayetaka ubingwa baadaye, mimi ningemwambia Muhimbili. Na anayetaka kubaki chuoni kufundisha akumbuke kuwa vyuo vya umma kwa kawaida humtaka mkufunzi msaidizi awe na GPA (wastani wa alama) ya 3.8 kati ya 5.

Kuthibitisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ukiwa na namba ya siri. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba hiyo kwa ujumbe wa simu au baruapepe aliyoombea. Unaingia kwenye akaunti yako ya chuo unachokitaka, unakwenda sehemu ya kuthibitisha, unaiandika. Basi. Tatizo kubwa ni la wale walioombewa steshenari: simu iliyosajiliwa ni ya muuzaji, nywila anayo yeye, na siku ya kuthibitisha duka limefungwa. Siku matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kabla ya udahili kuanza, fungua baruapepe yako mwenyewe na utumie laini yako. Kama umeshachelewa, omba namba itumwe upya kupitia akaunti ya chuo, au nenda ofisi ya udahili na cheti na kitambulisho.

Ukishathibitisha, piga picha ya skrini inayoonyesha hali yako, na uingie tena kesho yake uangalie haijabadilika. Ukijuta, futa uthibitisho kabla dirisha halijafungwa. Baada ya hapo kilichobaki ni uhamisho, na huo unataka nafasi iwepo, alama zako zitoshe kwa kozi unayoihamia, na bodi ya mikopo iarifiwe, la sivyo fedha zako zinabaki kule ulikotoka.